Mama Alipanda Askari

Sisi tuliokulia nyumba za kanjo, za baraza la jiji, kule Makadara tunakumbuka bustani zilivyokuwa. Nasema bustani, lakini kilikuwa kipande cha udongo mbele ya mlango, ukilala chali miguu inatokeza barabarani. Hapo hapo mama zetu walipata maua, mboga, mahali pa kuanikia nguo na mahali pa kutuchapia.

Siku hizi wajukuu zetu wakitaka bustani wanafungua simu. Mama yangu hakuwa na picha za kutazama. Alikuwa na mabinti wanne, na kila alichopanda alikipanda kwa sababu yetu. Ua ulikuwa wa kayaba, miba yake mirefu kama sindano za kushonea magunia. Chini ya dirisha letu akaweka waridi, si lile la harufu nzuri, lile la miba mingi. Njia ya kuingilia akaimwagia kokoto, na kingoni akazika chupa za soda, shingo chini. Majirani wakisifu, "Mama Mwanaisha, umependezesha kweli," yeye hujibu, "Mimi sipandi maua. Napanda askari."

Hatukumwelewa mpaka kijana mmoja wa nyumba za nyuma alipoanza kumzungukia dada yangu Mwanaisha. Jioni moja mama anasonga ugali, kokoto zikalia. Hata shingo hakugeuza. "Huyo si baba yenu. Baba yenu anaburuta mguu." Kijana kusikia hivyo akaruka ua, kayaba ikamdaka. Alikwenda zake, lakini kipande cha suruali kilibaki kwenye miba, na mama akakataza kisitolewe, mtaa upite uone. Aliporudi alirudi mchana, na wazazi wake mbele. Mama akamwambia, "Leo umeona mlango." Ndiye shemeji yangu mpaka leo, na akija kwangu hakai karibu na mti wowote.

Sasa mjukuu wangu Rehema, ninayeishi naye hapa Umoja, mwezi uliopita akaamua kupamba mbele ya nyumba. Akanionyesha: kabro za kutandika chini, mawe meupe, mti wa kwenye chungu usiozaa kitu, na nyasi za plastiki ukuta mpaka ukuta. Kile kipande cha udongo, pekee nilicho nacho cha kupanda mchaichai na mrehani, kilikuwa kinafunikwa chote.

"Shosho, hizi hazitaki maji, hazitaki kukatwa."

"Hata sanamu haitaki kunyonya. Utaiita mtoto?"

"Aki shosho, nyinyi mlipenda kuteseka! Hizo miti zako ni za ocha, huko kijijini."

"Ocha unakujulia wapi wewe, uliyemkimbia kuku?"

Alicheka, lakini bado alimwita fundi. Asubuhi fundi alipofika na mabunda yake alinikuta nimeweka kiti katikati ya mchaichai. Fundi akamtazama Rehema, Rehema akamtazama fundi. Nikasema sitoki.

Mjukuu wangu alidhani natetea sukuma wiki. Sukuma nanunua kwa kibanda. Nikamweleza. Mama yangu alikuja Nairobi hana ndugu hata mmoja. Watu walikuwa wakisimama kwenye ua wake, wanaomba kijiti cha kwenda kupanda. Ukishampa mtu kijiti, atarudi kukwambia kimeshika au kimekufa, na akirudi utampa chai. Kwa vijiti hivyo mama alipata watu wa kumuuguza, na wa kumzika. "Mimi hapa nina ukuta na geti la bati," nikamwambia. "Plastiki yako nani atakuja kuniomba?"

Rehema akamwambia fundi, amekunja uso, "Muachie shosho hapo kando ya geti." Nikapata upana wa mkeka mmoja. Nikadai na geti likatwe dirisha, wapita njia waone ndani, na dirisha likakatwa.

Juzi mwanamke mmoja wa zile fleti za mbele, ambaye miaka yote tulikuwa tunainamiana vichwa tu, akasimama hapo dirishani. "Mama, naomba kijiti cha huo mrehani." Jana akarudi kusema kimeshika. Anaitwa Nafula, na chai yake hutia sukari nyingi mno, nimemkaripia.

Nyasi za Rehema ni za kijani kuliko zangu, nakubali. Marafiki zake wanakuja, wanapiga picha, wanaondoka.

Mama yangu alikuwa na mtaa mzima. Mimi nina Nafula.