Uso wa Jirani

Aliitwa Wino, na hata mama mkwe wake alimwita hivyo hivyo, kwa sababu vidole vyake havikuwahi kutakata. Kazi yake ilikuwa kuchora wabaya. Kwenye jarida lile la hadithi za picha walikuwapo wa kuchora mashujaa, na kijana mmoja hodari wa magari na moshi, lakini mbaya akihitajika, karatasi ilipelekwa kwa Wino. Shujaa hana maajabu, alikuwa akisema. Mpe kifua na nywele nzuri, umemaliza. Mbaya ndiye mwenye kazi.

Mezani kwake alikuwa na kioo kidogo cha kunyolea, kimeegeshwa kwenye kopo la penseli. Kabla ya kuchora sura yoyote aliijaribu kwanza usoni mwake: akakenua, akakodoa macho, akabinua mdomo, kisha akachora alichokiona. Mgeni akiingia ofisini akamkuta mtu mzima na ndevu zake anajitisha mwenyewe kwenye kioo, aliambiwa tu, "Usiogope, yuko kazini." Hivyo ndivyo alivyozaliwa Jongoo, mwizi wa koti refu lenye vifungo visivyokwisha, aliyeingia majumbani bila kishindo huku wenyewe wamekaa sebuleni. Jongoo alitesa watu kwa miaka chungu nzima, tena kwa nyeusi na nyeupe tupu. Watoto walifunua ukurasa wake kwa kidole kimoja, na Wino alilijua hilo na alilipenda sana.

Kisha jarida likahamia kwenye rangi, akahitajika mtia rangi. Na ni Wino huyu huyu, kwa mdomo wake mwenyewe, aliyekwenda kwa mhariri kumsemea shemeji yake, dada mdogo wa mkewe, aliyekuwa akipaka mabango ya saluni. Alimleta, akamwonyesha kiti, akamfundisha kushika karatasi bila kuichafua. Hilo lilimtafuna baadaye kuliko yote. Hakuwa na wa kumlaumu.

Walikaa meza moja, uso kwa uso, glasi ya maji ya brashi katikati yao. Wino akimaliza ukurasa aliusukuma upande wa pili, shemeji akaupokea. Mwezi wa kwanza tu yule dada akafanya jambo. Ukurasa mzima aliufifisha kwa rangi za majivu, halafu mikono ya Jongoo, mikono peke yake, akaitia manjano. Manjano mbaya, ya ndizi iliyopitiliza.

Simu ofisini hazikukatika. Wasomaji walitaka kujua habari za yule wa mikono ya manjano. Jina Jongoo, lililowatetemesha watu miaka yote hiyo, hakuna aliyelitaja. Koti, vifungo, ule mwendo wa kuinama aliouhangaikia Wino mpaka shingo ikamkakamaa, vyote vilikuwa kana kwamba vimejichora.

Nyumbani ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. Mama mkwe aliukata ukurasa akaubandika ukutani, yeye ambaye hakuwahi kubandika chochote cha mkwewe. Na mkewe, wakati wa kula, hakuwa na hadithi nyingine.

"Umeiona ile mikono lakini? Mdogo wangu ana kipaji jamani!"

"Mikono niliichora mimi," Wino alisema.

"Najua, mume wangu. Mimi nasema rangi."

Wino akajikaza, akaomba maji. Kijicho kina tabia ya kumfanya mtu awe mpole kupita kiasi, na tangu siku ile alianza kumsalimia shemeji yake kwa uchangamfu ambao ungemtia wasiwasi yeyote mwenye akili. "Fundi wetu! Umeamkaje fundi?" Moyoni alikuwa akiwaza namna ya kumnyang'anya ile manjano.

Nafasi ilijitokeza kwenye toleo la Jongoo kunaswa ngazini. Wino alichora ngazi vizuri, mlango vizuri, ndoo ya mtoto, viatu vilivyoachwa. Alipofika kwa Jongoo akashika brashi nene na kumjaza wino kutoka kofia hadi kisigino. Uso wote mweusi. Mikono ndiyo aliyoirudia mara mbili. Aliacha michirizi miwili ya macho tu, akausukuma ukurasa ng'ambo ya meza huku roho yake ikicheka. Haya, tuone sasa manjano yako utaipaka wapi.

Shemeji aliutazama kwa muda. "Haya, shemeji," alisema, akaanza kuchovya.

Kwa kuwa mbaya hakuwa na nafasi, shemeji alizimwaga rangi zake zote kwenye vitu vingine. Ukuta ukawaka, ndoo ikawa nyekundu, viatu vikawa vya buluu mpaka mtu atamani kuvivaa. Na katikati ya uchangamfu wote ule Jongoo alisimama kama shimo ambalo mtu angeweza kutumbukia. Wino aliona kosa lake. Jongoo alikuwa hajawahi kutisha namna ile.

Mhariri, ambaye ndiye mtunzi wa hadithi na ambaye hajui kuongea bila kupiga kelele, aliuinua ukurasa juu ya vichwa vya watu. "Nani kawaza hivi? Kumnyima mbaya rangi! Nani?"

"Si mimi," shemeji alisema. "Shemeji ndiye aliyemjaza wino."

"Dada, acha unyenyekevu. Nakujua wewe."

Sasa Wino aseme nini? Aseme ndiyo, ni mimi, nilitaka kumharibia? Alijifanya anachonga penseli. Mhariri akakata kauli pale pale: Jongoo amefika kileleni, azikwe kwa heshima, na mbaya mpya aanzishwe na dada mwenyewe. Rangi zitangulie, mistari ifuate. Jina la dada litangulie pia kwenye jalada.

"Wewe Wino utampa uso," alimaliza. "Ukiona inakushinda sema mapema, kijana wa magari yupo."

Alisema kirahisi tu, kama mtu anayeagiza chai. Lakini Wino alielewa. Uso huo ukimshinda, kiti cha kuchora wabaya, ambacho ndicho kitu pekee alichokuwa nacho duniani cha kujivunia, kingekaliwa na mtoto wa juzi anayejua matairi.

Mbaya mpya aliitwa Jirani. Shemeji alileta karatasi yenye mabaka mapana ya zambarau, mwili mzima ukiwa rangi tu bila mstari, na pale penye uso aliacha peupe.

"Huyu haibi," alieleza. "Jongoo aliiba kwa sababu alitaka kitu. Huyu hataki taa yako, anachotaka ni izimike tu. Na anakusalimia vizuri kila asubuhi. Ukishamchora uso nitautia rangi."

Wino akageukia kioo chake. Alibana meno, akafinya macho, akakunja pua. Alichora kwenye karatasi za kando, akachana, akachora. Kila Jirani aliyetoka alionekana kama anaumwa jino. Kijana wa magari alipita, akachungulia, akauliza kwa adabu kama anaweza kusaidia chochote. Wino alimjibu kwa tabasamu, akaifunga ile karatasi ya zambarau na kioo ndani ya mfuko, akaenda navyo nyumbani.

Jumapili asubuhi alikaa navyo dirishani sebuleni. Mkewe aliingia na nguo alizoanua, amezikumbatia hadi kidevuni, akasimama nyuma ya kiti.

"Jamani, hii zambarau! Kaitoa wapi huyu mtoto? Hata usipochora kitu, mume wangu, mtu ataogopa tu."

"Ni nzuri sana," Wino alisema. "Anajua. Tumshukuru Mungu."

Jicho lake likaangukia kiooni. Safari hii hakuwa amekunja sura yoyote. Sura ilikuwa imemkalia yenyewe. Mdomo ulikuwa ukitabasamu, ila nusu ya juu ya uso haikuwa na habari na tabasamu hilo. Macho yalikuwa yakipima. Shavu moja lilivutwa kidogo, la mtu anayempongeza mwenzake huku anaomba nyumba yake iungue. Mkewe alikuwa ameshaenda kukunja nguo. Wino alibaki na huyo mtu.

Angeweza kukilaza kioo kifudifudi. Alijua kabisa kwamba akiuchora uso ule, Jirani atakuwa hai, Jongoo atasahaulika, na shemeji atang'ara kuliko alivyowahi. Asipouchora, kijana wa magari anakaa kitini. Aliona uchungu pande zote mbili. Lakini uso ulikuwa mzuri, Mungu wangu, ulikuwa mzuri, na miaka yote ya kukenua mbele ya kioo hakuwahi kuupata hata kwa mbali. Akachukua kalamu ya wino bila kupitia penseli, akauchora kabla haujaondoka.

Kesho yake aliuweka ukurasa mezani na kuusukuma ng'ambo. Kijana wa magari alipita, akatupia jicho, akaanza kucheka, kisha akamwangalia Wino, kicheko kikamwishia mdomoni, akaenda zake haraka. Shemeji alikuwa ameshalowesha brashi. Alitazama karatasi. Alimtazama Wino. Alirudi kwenye karatasi, na safari hii alikaa sana.

Akaisuuza brashi, akailaza.

"Hapa siweki kitu," alisema taratibu. "Nikiugusa nitauharibu. Huu umeumaliza peke yako, shemeji."

Maneno hayo hayo ndiyo aliyokuwa akiyangoja tangu rangi ziingie ofisini. Mistari yake, peke yake, bila tone la mtu. Na sasa aliutazama uso ule mweupe katikati ya zambarau, uchi, kila kitu kikionekana, akaona utakavyoning'inia kwenye kila kibanda cha magazeti, na mama mkwe na gundi yake akitafuta nafasi ukutani.

Aliisogeza glasi ya maji upande wa shemeji yake.

"Tia rangi," alisema. "Yoyote. Hata manjano. Nakuomba."

Shemeji hakushika brashi.

"Tangu lini unanitazama kwa uso huu, shemeji?"

Wino aliviangalia vidole vyake vyeusi. "Tangu ile mikono."

Yule dada alisafisha kisahani cha rangi kwa kitambaa mpaka kikang'aa. Halafu akaichovya brashi.

"Haya, sogea huku penye mwanga," alisema, "nikuone vizuri."