Fomu ya Bima na Mbuzi Niliowarudisha

Haya, mmenibana sana, basi nasema. Ni kweli, mimi ndiye yule mwalimu aliyeumbuliwa na simu hospitalini hapa Garissa, mbele ya jamaa zake kumi na mmoja na foleni nzima ya wagonjwa, na simu yenyewe mimi mwenyewe ndiye niliyeamuru iwekwe sauti. Chekeni mmalize, ndipo niendelee.

Mimi nafundisha kompyuta katika chuo kimoja cha watu binafsi hapa mjini, Jumatatu mpaka Jumatano, basi. Mkataba wa muda. Siku zilizobaki niko tu (nasahihisha kidogo, nakunywa chai sana, nabishana mambo ya mpira). Lakini kule Modogashe kwa watu wa mama yangu hakuna aliyejua habari ya siku tatu, kule mimi ni mwalimu wa chuo, mtu wa ofisi, na sikuwahi kumdanganya mtu, niliwaacha tu waelewe walivyopenda, na huo walahi ni uongo ule ule, umeoga tu na kuvaa kanzu.

Sasa mama yangu alikuwa na mtoto wa jicho. Jicho la kushoto lilishafunga kabisa, la kulia lilikuwa linafuata, akawa anawatambua mbuzi wake kwa kuwapapasa masikio. Tukasikia madaktari wa macho watakuja hospitali moja hapa Garissa kwa siku tatu, kisha warudi Nairobi, na haijulikani watarudi lini. Abti Dahir, mdogo wake mama, hakungoja. Aliwaita watu wa ukoo akatangaza qaraan, ule mchango wetu ambao mtu akipata shida kila mmoja anataja anachotoa, na jioni ile ile mbuzi kumi na wanne wakawa wametajwa. Hata Adeer Gure, mzee ambaye zizi lake unalimaliza kwa kulitupia jicho mara moja, alitoa mbuzi wa maziwa.

Wiki hiyo hiyo chuoni tukaitwa mkutano. Madam Mwende, afisa wa wafanyakazi, akatueleza kuna mpango mpya: unakubali kwa hiari sehemu ya mshahara iachwe huko huko juu kabla hujaishika, na badala yake chuo kinakulipia bima ya matibabu, wewe na wazazi wako, macho yakiwemo. Moyo wangu ukaruka! Akauliza, "Kuna swali?" Nilikuwa nalo, tena moja tu: je, na sisi wa muda tumo? Nikaanza kuinua mkono, nikamwona binamu yangu Siyad, dereva wa chuo, kakaa mstari wa nyuma. Siyad akisikia jambo saa nne, Modogashe wanalo kabla ya adhuhuri. Mkono nikaupitisha kichwani nikajikuna. Hapo ndipo yote yalipoanzia.

Fomu nikajaza. Palipoandikwa aina ya ajira nikaruka (nilijiambia watajaza wenyewe, si wananijua). Madam alikuwa na rundo mbele yake, akaipiga muhuri wa kupokea bila kuinua macho, nami nikaitoa fotokopi mbio mbio. Nyinyi mnajua kwetu karatasi yenye muhuri ni nusu ya kiapo. Nikampigia Abti.

"Abti, waambie watu wachukue mbuzi wao. Bima imepita."

"Qaraan hairudishwi, kijana. Ukirudisha ni kama unamwambia mtu humjui."

"Abti, dunia imebadilika. Mimi ni mtu wa ofisi."

Akasema sawa, lakini ile sawa yake ilikuwa baridi. Mbuzi wakarudishwa kwa wenyewe, na mimi usiku ule nililala raha mustarehe, mjinga mimi.

Alhamisi, siku ya mwisho ya madaktari, wakaja. Sio mama na Abti tu, wakaja kumi na mmoja, kwa sababu kila mtu alitaka kuiona hiyo bima inayoshinda mbuzi kumi na wanne. Wakajaa barazani, kina mama na chupa za chai, wazee na bakora zao. Mama akapimwa, akaambiwa anafaa, akaandikwa wa sita. Muuguzi akasema malipo yathibitishwe kabla ya saa sita, la sivyo nafasi anapewa mwingine, kwani jioni daktari anapanda gari. Ilikuwa saa nne na nusu. Nikaelekea dirishani kwa keshia huku nimenyoosha kola ya kanzu, Abti nyuma yangu kamshika mama mkono.

Keshia, msichana mpole tu, akatafuta kwenye kompyuta. "Mwalimu, jina halipo."

"Tafuta vizuri."

Akatafuta kwa jina langu, kwa la mama, kwa namba ya kitambulisho. Halipo. Nikatoa fotokopi, nikaibandika kwenye kioo, muhuri ukimtazama. Akaisoma, akasema, "Hii inaonyesha fomu ilipokelewa. Haionyeshi kama umekubaliwa." Saa tano kasorobo. Nyuma yangu foleni ikaanza kunong'ona, na Abti, ambaye na mimi huwa tunaongea Kisomali, akaamua kupaza Kiswahili ili keshia asikie: "Huyu kijana yetu ni mwalimu mkubwa! Bima yake iko!"

Hapo mtu mwenye akili angesema ngojeni, akatoka nje, akampigia Madam polepole huko nyuma ya tangi la maji. Mimi nikapandisha mabega. "Piga simu chuoni," nikamwambia keshia, "na uweke sauti, watu wote wasikie."

Akapiga. Akaweka sauti, akataja jina langu.

"Yussuf yupi?" ikatoka sauti ya Madam Mwende, safi kama ya adhana. "Aaah, yule wa muda, anayekuja siku tatu kwa wiki? Huyo hayumo. Mpango ni wa wafanyakazi wa kudumu peke yao, wa muda hawaruhusiwi. Fomu yake niliirudisha kwenye sanduku lake la barua na maelezo, imekaa humo siku tisa hajaichukua. Mwambieni aichukue."

Jamani! Nikajaribu kusema, "Madam, mtandao ni mbaya," akajibu, "Mimi nakusikia vizuri sana," na watu kwenye foleni wakaangua kicheko, mmoja akarudia, "Siku tatu!" Masikio yakaniwaka moto. Lakini kicheko si kitu, walahi, kitu kilikuwa ile saa ya ukutani, saa tano na dakika tano, na mama yangu kasimama pale kainamisha kichwa, jicho lake moja lililobaki halioni hata uso wa mwanawe unaoungua. Mfukoni nilikuwa na nauli ya tuktuk. Na mbuzi kumi na wanne walikuwa wanakula majani Modogashe kwa amri yangu.

Abti akamkalisha mama kwenye benchi, akatoka nje bila kunitazama. Nikajua ameondoka, na haki yake. Nikamfuata muuguzi, nikamsihi atuongezee saa moja, akasema, "Mwalimu, wa saba yuko tayari na risiti yake, nifanye nini?" Nikarudi kwa keshia nikauliza kama wanashika simu rehani (ndiyo, nilifika huko), akatikisa kichwa kwa huruma, na huruma yake iliniuma kuliko kile kicheko.

Saa tano na robo Abti akatokea mlangoni. "Njoo."

Barazani wale jamaa walikuwa wamekaa duara, ile simu wote wameisikia. Abti akaninyooshea bakora. "Uliirudisha kwa mdomo wako. Utaiomba kwa mdomo wako."

Nikasimama katikati. Watu wazima, baba zangu na shangazi zangu, wananitazama, na wapita njia nao wamepunguza mwendo. Nikasema mimi si mtu wa ofisi, nafanya kazi siku tatu, bima sina, nilijua sina uhakika nikaona haya kuuliza. Nikasema naomba qaraan ya mama yangu. Shangazi mmoja akageuza uso. Mimi natazama chini, nahesabu kandambili, nawaza saa imefika ngapi.

Ndipo Adeer Gure akainuka taratibu akishikilia kiuno. "Mimi mbuzi wangu hakurudi zizini," akasema. "Nikishasema mbuzi ni wa fulani, si wangu tena, nitamrudishaje? Nimekuja naye, nimemuuza sokoni asubuhi hii." Akafungua pindo la shuka yake akatoa noti alizozifunga. "Nilikuwa nangoja tu uache kiburi."

Basi aibu ikawashika na wengine. Huyu akatoa, yule akapiga simu kwa dalali wa mifugo, Abti akamdhamini huyu na yule, simu zinalia, pesa zinaingia, mimi nakimbia dirishani, narudi, nakimbia tena, kanzu imeshalowa. Saa sita kasoro dakika nne keshia akanipa risiti. Muuguzi akamshika mama mkono, mlango ukafungwa, nami nikakaa sakafuni pale pale nikalia kama mtoto, mbele ya wa saba na risiti yake.

Asubuhi yake wakamfungua bandeji. Mama akapepesa, akatazama dirisha, akamtazama Abti, kisha akanitazama mimi, muda mrefu. Nikajiandaa kwa matusi.

"Hooyo," akaniita (kwetu mama humwita mwanawe kwa jina lile lile analoitwa yeye), "kumbe kazi ni siku tatu?"

"Siku tatu, hooyo."

"Na hizo nne?"

Miaka miwili kila akinipigia nije Modogashe, nilimjibu kazi imenibana. Katika miaka miwili hiyo ndipo jicho lake la kushoto lilipofunga, na mimi sikuwepo kuliona likifunga. Siku hizi, Jumatano kipindi cha mwisho kikiisha natafuta gari la Modogashe, na mtu akiniuliza kazi yangu nasema mwalimu, siku tatu, hata kama hakuuliza ni siku ngapi.