Kipande cha Magitaa Mawili

Kaka yangu aliondoka Voi nikiwa na miaka kumi na minne. Alikwenda pwani kupiga solo katika bendi ya hoteli, na kwa kuwa bendi ilikuwa imemwahidi gitaa la umeme, lile lake la zamani aliliacha ukutani, limening'inia kwenye msumari juu ya kitanda chake. Mama hakutaka kitanda kile kilaliwe na mtu, wala gitaa lile liguswe. Baada ya wiki tatu mimi nililigusa.

Wakati huo tulikuwa tunakaa katika nyumba za shamba la mkonge. Baba alikuwa fundi wa korona, ule mtambo mkubwa unaokwangua majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi. Mngurumo wake ulianza asubuhi tukinywa chai na kunyamaza jioni, na sisi watoto wa pale tulikuwa hatuusikii tena, kama vile mtu asivyosikia pumzi yake.

Kabla ya kuondoka, kaka alikuwa amenifundisha kubana nyuzi kwa namna tatu tu. Kazi yangu ilikuwa kushika ridhimu, yeye acheze juu yake. Sikuiweza. Mkono wangu wa kulia ulikuwa na haraka zake.

"Unakimbia," alikuwa akiniambia huku akicheka. "Nani anakufukuza?"

Basi alipokwenda, nikaamua nitaishika hiyo ridhimu, akirudi aikute. Nilikuwa nikitoka shule naketi nyuma ya nyumba, mgongo ukutani, nacheza nikifuata korona. Injini ile ilikuwa na pigo zito na pigo jepesi, na mkono wangu ulijifunza kukaa katikati yao. Miezi ikapita. Nikajiona nimekuwa mtu. Majirani walisema msichana na gitaa mwisho wake ni baa, na baba alikuwa karibu kukubaliana nao, lakini mama alisema, "Mwacheni. Anamngojea kaka yake."

Ijumaa moja mkanda wa korona ulikatika. Kukawa kimya shamba zima, wafanyakazi wakatoka nje kushangaa, nami nikaendelea kucheza. Haikufika dakika mbili mkono ukaanza kukimbia kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Nililia siku ile. Nilikuwa nimejifunza kuegemea tu. Nikaanza upya, kwa mguu wangu mwenyewe ukipiga chini, polepole mpaka dada zangu wadogo wakanikimbia kwa kuchoshwa.

Nilipomaliza kidato cha nne, mwalimu mmoja wa kizungu aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao aliniita nyumbani kwake. Alikuwa amenisikia nikicheza kwenye tamasha la shule. Akanipa kitabu chembamba cha gitaa, vipande vya muziki wa kale wa Ulaya, vimeandikwa kwa noti. Aliniambia cha mwisho ndicho kizuri kuliko vyote.

"Lakini hicho ni cha watu wawili," akasema. "Utahitaji mwenzako."

"Ninaye," nilimjibu.

Noti sikuzijua. Nilichojua ni solfa, kwa sababu kwaya yetu ya kanisa iliimba kwa solfa, na mwalimu wa kwaya alikuwa haruhusu mtu kufungua mdomo kabla hajazisoma do, re, mi zake. Niligundua jinsi ya kutoka kwenye noti kwenda kwenye solfa, nikawa naandika herufi kwa penseli chini ya kila noti, moja baada ya nyingine. Ukurasa wa kwanza ulinichukua karibu mwaka mzima. Nilikuwa chuo cha ualimu wakati huo, na wenzangu bwenini walidhani nasoma hesabu.

Kituo changu cha kwanza cha kazi kilikuwa Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau. Nilifika na begi la nguo na gitaa, na mwalimu mkuu akaniuliza kama nimekuja kufundisha au kuchezesha watu dansi. Hata hivyo alinipa chumba kizuri, chenye dirisha la kutazama mlimani. Pale ndipo nilipoanza kucheza hasa. Kitabu kilitaka nyuzi laini, za kudonolewa kwa vidole vinne, na zangu zilikuwa za chuma. Mwalimu mwenzetu, Mtaveta, akaniletea nailoni ya kuvulia samaki kutoka Ziwa Jipe, ya unene wa aina tatu. Nyuzi tatu nyembamba nilizitoa, nikafunga nailoni. Sauti ikashuka, ikawa na utamu ambao sikuwahi kuusikia katika gitaa lile. Joto la mchana liliilegeza, kila nikitaka kucheza lazima nikaze upya, lakini sikujali.

Kipande cha mwisho, kile cha watu wawili, kilinishinda kwa sababu nyingine. Kilihesabiwa kwa tatu. Mimi mwili wangu wote ulikuwa umelelewa kwa mbili na nne: korona, bendi za redioni, hata miguu barabarani huenda moja mbili. Nilipofika pigo la tatu nilisikia kama nimeachwa na ngazi gizani, nikaongeza la nne ili nipate pa kukanyaga.

Nyuma ya nyumba za walimu alikaa mama mmoja mjane na binti zake wawili waliokuwa wameolewa jirani. Jioni kabla jua halijazama walikuwa wakitwanga mahindi kwenye kinu kimoja, watu watatu, michi mitatu, kila mmoja akishusha wake mwenziwe akiinua. Nilikuwa nimewasikia miezi kadhaa bila kuwasikia. Siku moja, nikiwa nimekasirika na kitabu, nikanyanyua kichwa: tu, tu, tu. Tu, tu, tu. Mchi wa mama ulikuwa mzito, ya mabinti myepesi.

Nilitoka nikasimama pale mpaka yule mama akaniuliza, "Mwalimu, kuna shida?"

"Naomba nitwange na nyinyi."

Binti mmoja alinipa mchi wake huku akizuia kicheko. Nikaugonga mchi wa mama mara ya kwanza, nikaugonga mara ya pili, mahindi yakaruka chini.

"Usiangalie mkono wako," mama akaniambia. "Sikiliza sisi. Wewe si wa kwanza wala wa mwisho, wewe ni wa katikati. Ngoja zamu yako, ikija ingia."

Nilitwanga nao wiki nzima. Viganja viliniuma nikashindwa hata kushika chaki vizuri, lakini siku ya Jumamosi niliketi na gitaa nikacheza ukurasa mzima kwa tatu, bila kutafuta pigo la nne. Nilimwandikia kaka barua siku hiyohiyo. Nilimwambia kwamba nina kipande cha magitaa mawili, kwamba sehemu ya kwanza ninaiweza, na ya pili ni yake.

Alinijibu baada ya miezi minne. Alisema amefurahi mno. Alisema atakuja Krismasi.

Barua zake zilikuwa hivyo. Chache, fupi, kila moja na anwani mpya: Mombasa, Malindi, Mombasa tena, kisha Diani. Kila mwaka alikuja Krismasi ndani ya barua. Baba alifariki, akaja siku ya mazishi asubuhi na kuondoka jioni na watu wa bendi waliomleta kwa gari lao. Hatukupata hata nafasi ya kukaa. Mimi nikahamishiwa shule ya Voi, nikahamia kwa mama katika kiwanja chake nje kidogo ya mji. Mama alikuwa akitenga jogoo wa Krismasi kuanzia Agosti na kumlisha mwenyewe kwa mkono. Januari ilipofika hakuna aliyekuwa na moyo wa kumchinja, kwa hiyo tulikuwa na majogoo wengi wazee waliokuwa wakipigana uani.

Nikajifunza na sehemu ya pili. Nilijiambia ni kwa sababu akija itabidi nimwelekeze. Ikawa nacheza ya kwanza, namaliza, nacheza ya pili, na kichwani najaribu kuziweka pamoja. Haiwezekani. Sauti ikishapita imepita, huwezi kuishika mkononi ungoje nyingine.

Jirani yetu, mfanyakazi wa reli kutoka upande wa magharibi, alikuwa na redio kaseti. Jumamosi moja mchana nilimwomba, akaniletea mwenyewe na kunionyesha vifungo. Nikarekodi sehemu ya kwanza. Kisha nikairudisha mwanzo, nikaiwasha, nikaingia na ya pili.

Sitasahau mara ile ya kwanza. Mistari miwili ilikwenda sawa, nami mwili ukanisisimka, kwani ile sauti yangu pale juu na hii hapa chini zilikuwa zikijibizana kama watu waliokua nyumba moja. Halafu nikakosea. Nikasita, na kaseti ikaniacha. Ikaenda zake. Nilirudia mara sita, na kila nilipojikwaa ile mashine haikugeuka kunitazama. Mara ya saba nikafika mwisho.

Nilikuwa bado nimelala kifua juu ya gitaa nilipomsikia mama akikimbia uani. Mama yangu, mwenye magoti ya kuuma, alikuwa akikimbia. Alikuwa kwenye mahindi akiondoa magugu, na aliingia na jembe mkononi na udongo miguuni, hata kanga hakuwahi kuifunga vizuri.

"Yuko wapi?" aliuliza.

Sikuelewa.

"Nimewasikia wawili. Yuko wapi?"

Alichungulia chumba cha ndani. Akarudi. Nilimwonyesha ile redio mezani. Nilijaribu kueleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyotaka ardhi inimeze. Mama aliegemeza jembe mlangoni, akavuta kigoda akaketi, akafuta uso kwa ncha ya kanga.

"Weka tena," akasema.

Nikaweka tena, nikacheza ya pili juu yake. Alisikiliza amefumba macho. Kuanzia hapo, kila mara jirani alipokubali kutuazima redio yake, mama aliniomba hicho kipande, na siku zote alitoka akakisikilizia nje, kule kwenye mahindi.

Mama alifariki mwaka ambao mvua za vuli hazikunyesha. Tulimpelekea kaka simu ya maandishi kwenye anwani ya mwisho tuliyokuwa nayo. Hakuja. Alikuja baada ya miezi minane, siku ya Jumanne, akitembea kwa miguu kutoka stendi na mfuko mdogo. Nywele zilikuwa zimeingia mvi kabla ya wakati. Nilikuwa nimejiandalia maneno miezi yote hiyo, na nilimwambia yote pale pale mlangoni, kabla sijamkaribisha maji.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Simu niliipata," akasema. "Nilifika mpaka stendi ya basi. Sikuweza kupanda."

"Kwa nini?"

"Ningekuja kama nani? Bendi ilivunjika zamani, dada. Lile gitaa lilikuwa la hoteli, wakalichukua. Mimi miaka sita naosha shuka za wageni. Mama alikuwa akiwaambia watu mwanawe ni mpiga gitaa."

Nilimkaribisha ndani. Alilala siku mbili, amechoka kama mtu aliyetoka safari ya mwaka. Siku ya tatu aliliona gitaa, akalishika shingo kwa upole, akagusa zile nyuzi za nailoni.

"Kile kipande bado unacho?"

Nilikwenda kuazima gitaa la vijana wa kwaya. Kaka yangu hakujua kusoma noti, na ukurasa ulipofunguka alicheka kwa aibu. Nikamfundisha kwa sikio, noti nne, nne nyingine, kama alivyokuwa akinifundisha mimi. Vidole vyake vilikuwa vimelainika kwa maji na sabuni. Alipokosea alikunja uso, akasema niache tu, yeye ameshaharibika. Sikumwacha. Asubuhi nilikwenda shule, na nikirudi namkuta mlangoni anajaribu peke yake, midomo ikihesabu moja mbili tatu.

Siku ya tano, alasiri, tulikaa tukitazamana, magoti karibu yagusane. Nikaashiria kwa kichwa, tukaingia. Mwisho wa mstari wa kwanza alipotea. Nilimwona akipotea, machoni, kabla sijasikia. Nikapunguza mwendo, nikashikilia noti yangu moja hapo hapo, nikamngojea. Akaipata yake. Tukaendelea mpaka mwisho wa mstari wa pili bila kusimama. Kaka alitoka nje, akasimama kwenye mahindi kwa muda mrefu.

Aliondoka Jumapili baada ya ibada. Nilimsindikiza mpaka basi la Mombasa, akapanda, akafungua dirisha, akatoa mkono wa kushoto kunionyesha ncha za vidole, jinsi zilivyokuwa nyekundu na malengelenge mapya. Alikuwa akijivunia kama mtoto.

Alirudi mara mbili nyingine kabla maradhi hayajamchukua, na kila alipokuja tuliongeza mstari. Kipande kina mistari tisa. Tulifika wa nne. Mitano iliyobaki naijua pande zote mbili, na siku ambazo nyumba imetulia huicheza nimeketi karibu na dirisha, upande wangu kwanza, kisha wake.