Lenzi Pana na Kiganja cha Mkwe

Ndugu zangu, aliyewahi kuaibika ukweni hahitaji kuelezwa aibu ni nini. Kama ningepewa nafasi ya kuchagua mahali pa kuaibikia ningechagua sokoni, ningechagua hata darasani, mbele ya wanafunzi ambao kwa miaka mingi nimewafundisha kwamba binadamu hana budi kujua nafasi yake. Lakini aibu haimngoji mtu achague, nayo ikanikuta Matogoro, barazani kwa mama mkwe wangu, mchana kweupe, ukoo mzima wa mke wangu ukiutazama ukuta, kisha ukinitazama mimi, kisha ukiurudia ukuta kana kwamba haujaamini.

Mke wangu Skolastika ana kaka wawili, Gaudensi na Menas, waliogombana juu ya mpaka wa shamba la marehemu baba yao lililoko bondeni, na ugomvi ule ukakomaa hata mmoja akawa anasali misa ya kwanza na mwenzake misa ya pili, ili wasije wakalazimika kupeana amani (na wenye kusali wanajua uzito wa jambo hilo, mtu kuukwepa mkono wa nduguye mbele ya altare). Mama yao, Mama Redemta, wakati huo alikuwa amefunikwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, naye alipopata nafasi ya kwenda kufanyiwa upasuaji hospitali ya Mbesa aliwaita wanawe wote wawili, akawaambia:

"Mnaniambia mmepatana. Kusikia nimechoka. Mshikane mikono, mpigwe picha, macho yangu yakifunguka nije niione."

Wakakubali, Gaudensi kwa kucheka na Menas kwa kukunja uso, na kazi ya kupiga picha akapewa mkwe, yaani mimi, kwa sababu hakuna mtu Lizaboni ninakoishi asiyejua kwamba mwalimu fulani ana kamera ya filamu na kwamba mwalimu huyo huzidharau simu.

Kamera yenyewe ni ya aina ile nzito yenye umbo la sanduku, ambayo mtu haiweki jichoni bali huinamia kioo chake kwa juu kama anayechungulia kisima. Filamu yake ni pana, picha zake hutoka mraba na huonyesha hata mshono wa kola. Lenzi niliyokuwa nayo ni ya milimita themanini, ambayo huona mambo karibu sawa na mtu anavyoyaona. Tatizo ni kwamba uwanja wa Mama Redemta ni mdogo, na mwisho wake ni migomba na mteremko, kwa hiyo ili niupate ukoo wote kwa lenzi ile ingenibidi nirudi nyuma mpaka niporomoke. Nikaamua kununua lenzi pana. Muuzaji wa Dar es Salaam alikuwa nazo mbili: moja ya milimita sitini, pana kwa kiasi, na nyingine ya milimita arobaini, pana kupindukia, kioo chake kimetuna kama jicho la ng'ombe.

"Chukua hiyo ya kiasi," akasema Skolastika. "Watu wakibanana wanatosha."

"Wanatosha wao. Na mimi je?"

"Wewe si ndiye mpigaji?"

Hapo ndipo mkasa ulipoanzia, ndugu zangu, katika swali dogo la mke aliyekuwa akichambua mboga. Mimi ndiye niliyekuwa nikienda nyumba hii na nyumba ile kuwasuluhisha mashemeji, nikiwa na maneno ya hekima ya kila namna, na ndani kabisa ya moyo wangu nilijiona nastahili kuwamo katika picha ya amani niliyoisuka mwenyewe. Sikulisema hilo. Nilisema kwamba ukoo wenye heshima haumwachi hata mtu mmoja nje ya picha, nikaagiza ile ya arobaini.

Wala nisisingizie ujinga. Nilikuwa nimesoma, tena sana, kwamba lenzi ya namna ile hukuza kilicho karibu na kudogosha kilicho mbali, na kwamba anayekaa ukingoni mwa picha hunyooshwa kama unga wa chapati. Kwa hiyo siku ilipofika nilitandaza kamba uwanjani, nikampimia kila mtu mahali pake: Mama Redemta kitini katikati, wanawe nyuma ya bega lake, mashangazi huku na huku, wajukuu safu ya mwisho juu ya benchi. Nikaweka ungo juu ya kinu, nikaamuru kila simu iwekwe humo.

"Shemeji," akauliza Gaudensi, ambaye hajawahi kuiacha nafasi ya kunitania impite, "hii ni picha au mtihani wa taifa?"

"Ni heshima," nikamjibu. "Picha mia moja za simu hazimfundishi mtu kusimama vizuri. Picha moja ya filamu humfundisha."

"Haya, tufundishwe."

Menas hakucheka. Alinijia karibu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, nashika mara moja tu. Kwa ajili ya Mama. Ukikosea, usiniambie tena."

Nikamwambia sikosei.

Picha zote za mwanzo nikazitumia kupima mwanga na kuwakaripia waliosinzia, hata ikabaki moja, ile niliyoikusudia. Nikaisimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, karibu sana na watu, kwa kuwa lenzi pana hutaka ukaribu, nikawaamuru ndugu wawili washikane. Gaudensi akautoa mkono. Menas akautazama kwa muda ule ambao mtu huutazama mto kabla ya kuuvuka, kisha akaushika, na Mama Redemta, asiyeona kitu, akageuza sikio kana kwamba mikono ina sauti. Nikabonyeza kitufe cha kuchelewesha, kile kinachoiambia kamera ingoje kidogo ili mpigaji naye apate kukimbilia mahali pake, kikaanza kukoroma.

Mahali pangu nilikuwa nimejipangia safu ya nyuma, pembeni, panapomfaa mkwe. Sikufika. Nilipopiga hatua ya pili niliona Menas anaanza kuulegeza mkono wake, na kule kamera inakoroma, hofu ikanishika, nikachuchumaa pale pale mbele yao wote (nikijiambia, Mungu anisamehe, kwamba kuchuchumaa ni unyenyekevu), nikainua mkono juu kama niuinuavyo darasani, nikasema, "Asitikisike mtu!"

Kamera ikabofya. Menas akauondoa mkono wake.

Filamu nikaituma Dar es Salaam, kwa kuwa hapa kwetu hakuna tena wa kuisafisha, nikamwagiza fundi aichukue picha ya mwisho, aikuze, aitie fremu na kuifunga kwa karatasi nzito. Kazi ya fundi ilichukua muda mrefu, na katika muda huo mambo yakaharibika. Mvua zikaanza. Watu wa Gaudensi wakapanda mahindi mahali ambapo Menas anasema ni kwake, Menas, aliyekuwa ameanza kusali misa ya pili pamoja na nduguye, akahamia tena misa ya kwanza, na salamu walizokuwa wakilazimishana zikakauka. Mama Redemta akarudi kutoka Mbesa akiona vizuri. Nilipokwenda kumwamkia aliitikia "Marahaba," akanitazama kwa makini, akasema, "Kumbe mkwe wangu una mvi," kisha akauliza swali moja tu: "Picha iko wapi?"

Ilipofika, Skolastika aliiweka juu ya meza yetu, akaleta kisu.

"Fungua tuone kwanza."

"Macho ya kwanza kuiona picha hii ni ya Mama."

"Baba Osmund, fungua. Menas amesema anakuja kwa sababu ya picha tu. Ikiwa na kasoro?"

"Haina kasoro. Nilipima kwa kamba."

Akakirudisha kisu jikoni bila neno, na mwanamke wa aina yake akinyamaza mwenye akili hujihadhari. Mimi sikujihadhari. Nilivaa koti, nikaivaa na kamera yangu shingoni, tukaenda Matogoro.

Barazani wote walikuwapo. Gaudensi alikaa upande huu na watu wake, Menas upande ule na watu wake, katikati jagi la togwa ambalo hakuna aliyeligusa. Nilisimama nikatoa maneno machache, ambayo mke wangu anadai hayakuwa machache, juu ya picha kuwa shahidi asiyehongeka, na juu ya mtu mnyenyekevu kuinuliwa. Kisha nikapasua karatasi, nikaitundika fremu kwenye msumari bila kuitazama, nikageuka kuzitazama nyuso za watu.

Hakuna aliyetabasamu. Shangazi mmoja aliushika mdomo wake kwa kanga. Nikageuka.

Ndugu zangu, picha ile ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeijaza kutoka chini mpaka karibu na juu, mgongo wa koti kama kilima, sikio moja kama kikombe, kichwa kimevutwa kuelekea pembeni kwa namna ambayo mama yangu mzazi asingenitambua. Na huko mbali, wadogo kama punje za ulezi, ulisimama ukoo. Mama Redemta alionekana kuanzia kidevuni kwenda juu. Na mahali penyewe, pale pa mikono miwili iliyoshikana, palizibwa na kiganja changu, kipana kama ungo, vidole vitano vimetanuka, kikimwamuru kila mtu atulie. Kila mtu nilimpimia umbali wake kwa kamba. Mtu mmoja tu sikumpimia.

Mama Redemta aliinuka, akasogea hata pua yake ikakaribia kioo.

"Huyu nani?"

"Ni mimi, Mama."

"Na wanangu wako wapi?"

Nilitamani ardhi ya Matogoro inimeze. "Wako nyuma ya mkono wangu, Mama."

Menas akasimama. Akavaa kofia yake taratibu, akasema bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha, "Basi hakuna kitu. Picha haionyeshi, na mimi sikumbuki."

"Hata mimi sikumbuki," akasema Gaudensi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa anatania.

Menas akaelekea ngazini. Watu wake wakaanza kuinuka, kiti kikakwaruza sakafu. Na kama mngeniuliza saa ile, ningewaambia kwamba nimeiua amani ya nyumba ile kwa vidole vyangu mwenyewe, mbele ya mama aliyefunguliwa macho ili ayaone hayo.

"Mkwe," akaniita Mama Redemta, bado anaitazama picha. "Huu mkono wako ulikuwa unasema nini?"

"Ulikuwa unasema asitikisike mtu."

"Menas," akasema, bila kugeuka. "Umesikia mkono unavyosema? Asitikisike mtu. Rudi."

Menas akasimama ngazini, mguu mmoja chini. Akageuza shingo kidogo, kama mtu asiyetaka kuona, macho yake yakakutana na kiganja changu ukutani, nikauona mdomo wake ukipambana na kicheko. Gaudensi ndiye aliyeshindwa kwanza.

"Jamani, shemeji! Kiganja gani hiki? Tupepetee mpunga?"

"Na sikio," akasema Menas, sauti yake imepasuka. "Liangalie sikio."

"Mkwe gani anajaa ukweni namna hii? Mahari yetu tulidai kidogo!"

Wakacheka, ndugu zangu, wakacheka mpaka wakashikana mabega ili wasianguke, na mimi nikiwa nimesimama chini ya picha yangu kama mshtakiwa aliyesimamishwa karibu na kielelezo. Mama Redemta hakucheka. Alingoja.

"Picha nimeiona," akasema walipotulia. "Sasa nionyesheni mikono."

Gaudensi akautoa wake. Menas akaushika, na safari hii hakuulegeza, mama yao akainama akaitazama mikono ile kwa karibu, kama anayesoma. Bila kufikiri nikaanza kuinua kamera. Skolastika akalivuta pindo la koti langu kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

"Kaa chini," akaninong'oneza.

Nikakaa.

Mpaka wa shamba bado haujapimwa, nisiwadanganye. Lakini wote wawili wanasali misa ya pili, na Mama Redemta amekataa katakata kuishusha picha ile, imetundikwa ikitazama mlango, na kila niingiapo kuamkia kiganja changu huniamuru nisitikisike. Lenzi ya milimita arobaini nimeifungia kabatini, na nimeapa kwamba haitatoka humo kwa ajili ya ukoo wowote, wa ukweni wala wa kwetu. Nimeirudia ile ya themanini, ambayo mpiga picha akitaka kuwapata watu wote ni lazima yeye ndiye arudi nyuma, hata kama nyuma yake ni migomba na mteremko.