Beki Aliyemposea Mshambuliaji

Siku ya posa, sebule ya Papa Marcellin pale Malvern, Johannesburg, ilijaa mpaka viti vya kanisa vikaazimwa. Clémentine, binti aliyekuwa akiposwa, alikuwa chumbani na shangazi yake Jocelyne, sikio mlangoni. Baba yake alikwisha kufariki Lubumbashi, hivyo neno la mwisho lilikuwa la baba yake mdogo, huyo Papa Marcellin, naye alishasema wazi: "Mtu asiye na ukoo wa kumsemea, mimi simpi binti."

Na Stipe, aliyekuja kumposa, hakuwa na ukoo mjini humo. Alitoka kwao Kroatia akiwa na miaka ishirini na minne, akaja kufunga mabao. Aliyafunga misimu tisa, mpaka goti la kushoto likakataa. Sasa aliuza matairi Jules Street, na hapo ndipo alipofahamiana na Clémentine, mwenye cherehani duka la pili.

Ukoo aliokuja nao ulikuwa wa mtu mmoja: Vénérand, Mrundi mrefu aliyewahi kuwa beki wa timu pinzani.

"Wewe ndiye ndugu yake?" aliuliza Papa Marcellin.

Vénérand akasimama, akaliweka sawa koti lake. Kwao kusema mbele ya wakwe ni kazi ya kujifunza, naye alijifunza vizuri. "Papa, nimemkaba huyu miaka tisa. Kovu lile la kwenye nyusi ni kiwiko changu. Hata mama yake hamjui kama ninavyomjua."

Watu wakacheka, isipokuwa Papa Marcellin. "Wacheza mpira ni waongo. Upepo ukipita tu, wanajiangusha."

"Ndicho kilichonileta. Dakika ya themanini na nane, bila kwa bila, alianguka mbele ya goli letu. Refa akatoa penalti, mimi kadi nyekundu. Huyu akainuka, akamwambia refa: hakunigusa, nimejikwaa. Penalti ikafutwa, na dakika ya mwisho tukawafunga sisi. Mashabiki wake walimzomea mpaka kwenye basi. Kocha akamweka benchi mechi kumi!"

"Nne," ilisikika sauti ya Stipe.

Vichwa vyote vikamgeukia. Siku ya posa mwoaji hafungui kinywa. Shangazi Jocelyne akamshika Clémentine mkono. "Eish, kaharibu."

"Umesemaje?" Papa Marcellin aliuliza.

"Nne, Papa. Si kumi. Kaka yangu anisamehe."

Vénérand akajishika kiuno. "Mimi namsifu, yeye ananipunguzia! Papa, unaiona tabu niliyoipata miaka tisa?"

Papa Marcellin alimtazama Mkroatia yule, akamtazama tena. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"Sijapata kuona mtu anayekataa sifa ya uongo mbele ya wakwe," alisema. "Jocelyne! Mlete binti aseme kama anamjua."

Clémentine, aliyefunzwa kwamba bibi harusi hutembea taratibu, macho chini, alifika katikati ya sebule kabla shangazi yake hajauachia mlango.