Bango la Kujalidia Daftari

Juzi, kwenye kaunta ya ofisi ninayoisimamia hapa Tukuyu, mama mmoja aliomba mabango mawili ya kuwaonya watoto kuhusu dawa za kulevya.

"Utayabandika wapi?" karani akauliza.

"Sibandiki, baba. Nataka kujalidi madaftari ya wanangu."

Karani akayavuta kwake, asimpe. Mimi nikakumbuka enzi zile soko huria linaingia, tulipobandua mabango kama hayo yote ya shule yetu tukajalidia madaftari, maana karatasi ile nzito ilihimili mvua ya Rungwe. Mkaguzi akakuta kuta tupu. Mwalimu mkuu, fimbo mkononi, akatuamuru tuinue madaftari juu. Darasa zima likasomeka: KATAA BANGI. Fimbo ikarudi kabatini.

Onyo la ukutani tungelisoma mara moja tu. La daftari la Hisabati nililibeba kwapani mwaka mzima.

"Mpe matatu," nikamwambia karani.