Sifuri ya Mheshimiwa

Mwaka 2005, pale Bukavu, Eulalie alikuwa karani wa kamati ya parokia iliyofuatilia kazi ya wabunge. Kila mwezi alibandika kwenye mlango wa ukumbi alama zao: vikao walivyohudhuria, sheria walizopendekeza. Kwa upande wa sheria, mheshimiwa wa kwao alikuwa na sifuri tangu mwanzo.

Mwezi wa sita, mume wake Grégoire aliuawa na watu wenye silaha karibu na Sange, akirudi kutoka Uvira. Mheshimiwa alikuja mazishini, akasimama kando ya kaburi na kusema, "Nilipeleka bungeni sheria ya kulinda barabara ile. Wenzangu wakaikataa."

Eulalie alikuwa amelia hadi sauti imemkauka. Hata hivyo alisimama.

"Papa Mheshimiwa, iko sheria gani? Uliipeleka siku gani? Mimi njo ninaandikaka alama zenu. Haukupeleka kitu. Usiseme uongo juu ya bwana yangu."

Mheshimiwa alivaa miwani yake ya jua, akaondoka kabla kaburi halijafukiwa.

Siku ya tatu watu wasiojulikana waliingia nyumbani kwa Eulalie, mtaa wa Muhumba, wakampiga na kuchoma daftari zake. Kamati ikaogopa, ikavunjika. Padri akamsihi anyamaze kwa ajili ya watoto.

Aliwavusha watoto hadi kwa dada yake aliyeishi Cyangugu, ng'ambo ya mpaka, kisha akarudi peke yake. Mlangoni pa ukumbi hakuruhusiwa tena kubandika kitu. Basi akawa anakwenda soko la Kadutu, jicho moja bado limevimba, akiwaambia wanawake alama zile kwa mdomo. Wengine walisikiliza. Wengi walimwomba asogee mbali na meza zao.